Moshi wa Sachangwan na Woga wa Milimani

Video yenyewe haifiki hata dakika moja. Basi limesimama kando ya barabara, moshi mweusi unafuka chini ya kioo cha mbele, kisha ndimi za moto zinapanda hadi kwenye paa. Abiria wamesimama nyasini, mikono kichwani, wakitazama mizigo yao ikiteketea. Anayerekodi hana la kusema ila "Woi! Woi!" Kufikia jioni picha hizo zimeshapanda kutoka mjini Nakuru hadi Milimani, zimepita kwenye simu za kina mama wa chama, za mawakili na za madaktari waliostaafu, na hukumu imeshatolewa: basi ni jeneza lenye magurudumu. Anayejipenda asafiri kwa gari lake. Asiye na gari apande nissan, yaani matatu ndogo ya watu kumi na wanne, walau moto ukitokea ataruka dirishani.

Milimani ni mahali pazuri pa kutolea hukumu. Mtaa umekaa kwenye mteremko wa Menengai, juu ya mji, jirani na Ikulu, na kwenye baadhi ya veranda zake mtu anakunywa chai huku akiliona ziwa. Wengi wa wakazi wake hawajapanda basi la usiku tangu siku za chuo. Wanaolipanda ni walinzi wa mageti yao, wapishi wao na yaya wao, ambao Desemba ikifika hushuka steji na masanduku kusaka gari la Busia, la Kakamega au la Kisii. Hivyo mjadala wa usalama wa basi unaendeshwa na wasiolipanda, na wanaolipanda hakuna anayewauliza.

Woga wenyewe una asili yake, wala haufai kuchekwa. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, karibu na Molo, kwenye barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret. Watu wakaja na ndoo, madebe na sufuria kuteka petroli iliyokuwa ikimwagika. Ikalipuka. Zaidi ya watu 110 walikufa, na wengi walikuwa wameungua kiasi kwamba jamaa zao hawakuweza kuwatambua. Nchi ilikuwa hata haijamaliza kulia; siku tatu tu zilikuwa zimepita tangu duka la Nakumatt katikati ya Nairobi liteketee. Kisha, tarehe 10 Desemba 2016, pale Karai karibu na Naivasha, lori lililobeba kemikali inayowaka upesi lilishindwa kusimama, likayavaa magari mengine na kulipuka. Waliokufa walikuwa wapatao 40, wakiwemo maafisa wa kikosi cha polisi cha Recce. Vijana wa Bonde la Ufa waliokua na picha hizo leo ni wazazi. Ukiwatajia moto na barabara kwa pamoja, hawasikii habari ya radieta inayovuja, wanaiona Sachangwan.

Lakini visa hivyo viwili visomwe tena, polepole. Katika kimoja, lori la petroli lilipinduka na watu wakalikaribia. Katika kingine, lori la kemikali lilikosa kusimama. Hakuna basi hata moja lililowaka kwa ubovu wa injini yake. Kumbukumbu ya moto waliyo nayo watu wa Nakuru ni ya malori, ila deni lake limebandikwa basi.

Basi nalo lina daftari lake, na ni la kutisha kuliko video yoyote. Tarehe 31 Desemba 2017, kabla ya mapambazuko, basi lililotoka Busia likielekea Nairobi liligongana na lori pale Migaa, si mbali na Sachangwan; watu 36 wakafa. Tarehe 10 Oktoba 2018, pia kabla ya mapambazuko, basi jingine liliacha barabara ya Londiani kwenda Muhoroni karibu na Fort Ternan, likabingirika, paa likang'oka kama kifuniko cha kopo. Waliokufa walizidi 50. Tarehe 30 Machi 2023 basi la chuo kikuu liligongana na matatu karibu na Naivasha na kuua watu 14. Na si basi peke yake: miezi mitatu baadaye, jioni ya tarehe 30 Juni, lori lilipoteza mwelekeo kwenye makutano ya Londiani, likaparamia matatu, bodaboda na wachuuzi waliokuwa wakipanga bidhaa zao kando ya lami. Watu 52 wakaangamia.

Mtu atafute moto wa injini katika orodha hiyo. Hataupata. Atakuta usingizi wa alfajiri, breki zilizochoka, magari yaliyokutana ana kwa ana, na bodi isiyoweza kubeba uzito wake inapogeuka juu chini.

Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani, NTSA, ilihesabu vifo 4,324 katika barabara za Kenya mwaka 2023, na 4,748 mwaka 2024. Kundi kubwa kuliko yote ni la watembea kwa miguu. Maana yake ni kwamba mlinzi wa Milimani yuko hatarini zaidi saa kumi na mbili jioni, anapovuka barabara kuu kurudi kwake Free Area au Pipeline, kuliko anapolala kwenye kiti cha basi la Busia akiota nyumbani. Na saa hiyo anapovuka hayumo ndani ya chombo chochote kinachoweza kushika moto. Kifo chake hakirekodiwi na yeyote wala hakisambazwi. Ni mstari mmoja kwenye daftari la polisi.

Wenye msimamo wa jeneza hujibu kwamba Kenya haina hesabu ya kuaminika ya mabasi yanayowaka. Na ikopwe basi hesabu ya kwingine. Nchini Marekani, kati ya 1999 na 2003, wazima moto waliitwa kwenye mioto ya mabasi ipatayo 2,210 kila mwaka, yaani karibu sita kwa siku, mabasi ya shule yakiwemo. Waliokufa katika mioto yote hiyo walikuwa wastani wa watu watatu kwa mwaka. Mioto elfu mbili na ushei, vifo vitatu. Basi linalowaka, mara nyingi mno, ni basi ambalo watu wake wameshashuka.

Hesabu hiyo isitumiwe kulaza watu usingizi. Dallas au Boston gari la zimamoto hufika upesi. Basi likiwaka kwenye mteremko wa Sachangwan, zimamoto ya Nakuru italazimika kupanda kilomita zaidi ya thelathini ikigombania lami na matrela, na itakapofika itakuta chuma kitupu. Huku kwetu zimamoto ya kwanza ni makanga, na ya pili ni abiria wa kiti cha dirishani. Jambo hilo litarudi mbele.

London nayo ilipitia woga huohuo. Mwishoni mwa 2003 na mwanzoni mwa 2004, mabasi yake mapya marefu, yale yenye kiungo katikati, yalishika moto mara kadhaa hata yakaondolewa barabarani kwa muda. Hakuna aliyekufa. Hitilafu ikarekebishwa, mabasi yakarudi kazini, lakini watu wa mji walikuwa wameshayabatiza "magari ya moto", kama lile la nabii Eliya, na jina hilo likayafuata hadi yalipostaafishwa mwaka 2011. Fundi alimaliza kazi yake mapema. Ulimi wa watu haukumaliza.

Anayetaka kujua moto unaanzia wapi afunue bati la injini. Mabasi mengi ya Kenya yamejengwa juu ya chasisi iliyokusudiwa lori: chasisi na injini hutoka kwa kampuni ya magari, kisha bodi inaundwa hapa nchini. Kwa hiyo injini imekaa mbele, ubavuni mwa dereva, chini ya kifuniko kilichovishwa zulia au reksini. Msimu wa sikukuu kifuniko hicho ni kiti. Makanga hukipiga kofi la ukarimu, anaweka kipande cha sponji, na abiria aliyechelewa anaketi hapo kwa nauli ileile, miguu ikielekea kwenye gia, makalio yakipata joto la bure hadi Mau Summit. Zulia linanyonya. Linanyonya mafuta ya injini yanayopanda na mvuke, linanyonya dizeli inayobaki mikononi mwa fundi, linanyonya soda iliyomwagika mwaka jana. Ukiligusa upande wa chini, vidole vinarudi vyeusi na vinateleza.

Chini ya zulia hilo ndipo hadithi nzima ilipo. Dizeli baridi haina papara kama petroli: petroli hutoa mvuke unaowaka hata kwenye baridi ya Timboroa, ilhali dizeli inahitaji kupashwa moto zaidi ya nyuzi 50 kabla mvuke wake haujakubali cheche. Ila injini si mahali pa baridi. Tabo, kile kikonokono cha chuma kinachosukuma hewa ndani ya injini, na bomba la eksozi linalotoka kwake, hupata joto la mamia ya nyuzi basi linapopanda mlima likiwa limesheheni. Paipu ya dizeli iliyosuguana na chuma kwa miezi hupata tundu dogo kama ncha ya sindano. Mnyunyizo unaangukia tabo. Hapo haihitajiki cheche yoyote.

Njia ya pili ni waya. Basi linapotoka kwa watengenezaji, kila waya una fyuzi yake na kazi yake. Kisha huja fundi wa mapambo: runinga mbili, spika za kutetemesha vioo, taa za rangi chini ya viti, chaji ya simu kwa kila abiria. Vyote hivyo vinahitaji umeme, na njia fupi ni kwenda moja kwa moja kwenye betri bila kupitia popote. Fyuzi ikikatika mara tatu, badala ya kutafuta sababu, mtu hukunja kipande cha waya wa shaba na kukichomeka mahali pake. Tangu siku hiyo basi linatembea bila mlinzi. Njia ya tatu iko kwenye magurudumu: breki inayong'ang'ania bila dereva kujua, au beringi iliyokauka grisi, na mteremko mrefu wa kushuka Salgaa humalizia kazi. Ni mteremko huohuo ambao madereva wa malori walizoea kuushuka kwa gia huru ili kubana mafuta, hadi jina la Salgaa likawa kama laana.

Kila mojawapo ya njia hizo hutoa taarifa kabla. Harufu ya dizeli ndani ya basi ni taarifa. Tone jeusi sakafuni mwa gereji kila asubuhi, mahali palepale, ni taarifa. Gurudumu lenye joto kuliko wenzake baada ya safari ni taarifa ambayo dereva anaweza kuisoma kwa kiganja tu.

Hapa ndipo ushauri wa kukimbilia nissan unapochekesha. Toyota HiAce, ile inayobeba mzigo mkubwa wa biashara ya matatu ndogo, injini yake iko chini ya viti vya mbele. Abiria mwenye bahati aliyepata kiti kile kizuri kando ya dereva, anayeona barabara yote, ameikalia injini. Tangi la mafuta liko chini ya sakafu. Mlango wa abiria ni mmoja, wa kusukuma ubavuni, na mbele yake mara nyingi kuna kiti cha kukunja chenye mtu, na mbele ya mtu kuna gunia la viazi. Baadhi ya magari hayo ni ya petroli. Mtu aliyekimbia moto wa basi akaingia humo amefanya kama yule anayekimbia mvua na kujificha chini ya mfereji wa paa.

Lakini kosa kubwa la msimamo wa jeneza limejificha kwenye lugha yenyewe. Tunasema basi "limeshika moto". Sentensi nzuri sana kwa mwenye gari. Ndani yake hamna fundi, hamna mmiliki, hamna mkaguzi. Lipo basi lililonyoosha mkono likaushika moto, kama mtoto mtundu. Magazeti hupokea, redio hupokea, na anayesikiliza anabaki na picha ya chombo chenye tabia mbaya kwa asili. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Kisha msemo wa pili unakuja kufunga mazungumzo: ajali haina kinga.

Msemo huo hauna ukweli, na mfano wake uko Wilmer, mji mdogo wa Texas. Tarehe 23 Septemba 2005, basi lililowabeba wakazi wa makao ya wazee waliokuwa wakikimbia kimbunga Rita lilishika moto barabarani, na watu 23 wakafa. Bodi ya taifa ya usalama wa usafiri ya Marekani ilichunguza hadi ikafika kwenye chanzo: beringi za gurudumu la nyuma upande wa kulia zilikuwa hazina mafuta ya kutosha. Zikachemka, tairi likawaka, moto ukapanda ndani. Vifo ishirini na vitatu vilianzia kwenye ukosefu wa mafuta ya beringi. Kinga ilikuwepo, kwenye kopo, na bei yake haifiki ya tairi moja.

Wakenya nao wanajua kwamba kinga hufanya kazi, kwa kuwa waliiona kwa macho. Februari 2004 kanuni za waziri John Michuki zilipoanza kutekelezwa, matatu zilifungwa mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, na zilizokataa zikabaki zimeegeshwa hadi abiria wakatembea kwa miguu. Watu walinung'unika wiki mbili. Baadaye walinung'unika miaka mingi kwamba kanuni zimelegezwa. Hakuna aliyesema wakati huo kwamba matatu ni jeneza kwa asili yake. Walimwambia mwenye gari afunge mkanda.

Sasa hoja ngumu, ambayo mtetezi wa basi hana ruhusa ya kuiruka. Moto huua abiria wa basi, na unapoua huua wengi kwa pamoja. Tarehe 28 Juni 2025, pale Sabasaba wilayani Same, Tanzania, basi kubwa liligongana na basi dogo, yote mawili yakawaka. Hesabu ya awali ilikuwa watu 38, wengi wakiwa hawatambuliki. Tarehe 4 Novemba 2008, karibu na Hannover, Ujerumani, moto ulianzia sehemu ya nyuma ya basi la watalii, ambao wengi walikuwa wazee, na watu 20 hawakutoka. Mbele ya mifano hii nani atathubutu kusema moto si kitu?

Hakuna anayesema hivyo. Same ilianza kwa kugongana: aliyezuia kugongana angekuwa amezuia na moto, na ndiyo maana mwendo na tairi vinastahili hofu kabla ya injini. Wilmer na Hannover zilikuwa na wazee ambao miguu yao haikuweza kushindana na moshi. Ukiviweka visa hivi pamoja na ile mioto elfu mbili ya kila mwaka isiyoua, tofauti inaonekana bila miwani. Moto ulioua na moto usioua huenda ulianza sawasawa, kwa paipu moja na cheche moja. Kilichoitenganisha ni kama watu waliweza kushuka ndani ya zile dakika chache kabla moshi haujajaa.

Basi tushuke. Tujaribu, basi likiwa limesimama Nakuru, limejaa, Desemba. Mlango mkuu uko mbele, jirani kabisa na injini, kwa hiyo moto ukianzia injini mlango huo ndio wa kwanza kupotea. Kijia cha katikati ni chembamba, na kimekaliwa: kuna waliosimama, kuna waliokalia makreti ya soda, kuna kuku ndani ya kikapu. Mlango wa dharura, kama upo, umewekewa kiti mbele yake, kwa kuwa kiti ni nauli na mlango si nauli. Dirisha linafunguka robo kwa kuteleza, nafasi ya kupitisha kichwa cha mtoto. Mtungi wa kuzima moto, ambao sheria inautaka, umefungwa kwa waya chini ya kiti cha dereva, yaani kwenye ubavu wa injini, mahali pa mwisho ambapo mtu angeufikia injini ikiwaka. Mshale wake umelala kwenye nyekundu.

Hayo ndiyo ya kupigia kelele. Kenya ina kiwango cha ujenzi wa bodi za magari ya abiria, KS 372, kilichotolewa na Shirika la Viwango, na paa lililong'oka Fort Ternan liliwakumbusha wote kwamba kiwango kikiwa kwenye rafu hakimshiki mtu kichwa. Lakini mijadala ya Milimani haijawahi kumaliza dakika tano kwenye KS 372. Haina moshi, haina kilio, haisambazwi. Kinachosambazwa ni jina la kampuni ya basi lililowaka na wito kwamba ifungiwe.

Na serikali inaupenda wito wa aina hiyo, maana kuutimiza ni kazi ya kalamu tu. Siku ileile ya maafa ya Migaa, NTSA ilipiga marufuku mabasi kusafiri usiku. Wananchi waliokuwa wakienda shule na kazini Januari wakakwama, nissan zikapandisha nauli, na marufuku ikalegezwa. Miezi tisa hivi baada ya Migaa, basi la Fort Ternan lilikuwa njiani usiku bila kibali cha usiku. Kilichobadilisha kitu pale Salgaa ni kazi ya mikono: pande mbili za barabara zilitenganishwa kwa kizuizi, ili lori lililokosa breki lisipate tena njia rahisi ya kuingia upande wa anayepanda. Saruji na chuma, wala si tangazo.

Ukaguzi nao una vichekesho vyake. Basi la abiria hupelekwa kukaguliwa mara moja kwa mwaka, kwa tarehe inayojulikana, na mwenyewe hulipeleka likiwa limeoga. Kuna mitungi inayoazimwa siku hiyo. Wiki inayofuata fundi wa mapambo huja na spika zake. Ikiwa kuna anayetaka kuzuia moto wa injini, aombe ukaguzi wa kushtukiza steji, saa mbili usiku, unaofunua bati na zulia, na aombe fundi yeyote aliyeunganisha waya kwenye betri bila fyuzi ajulikane kwa jina na saini. Ni madai yasiyo na mvuto. Hayatapata hata kidole gumba kimoja kwenye simu.

Jambo jingine linachafua hesabu vichwani mwa watu, nalo ni kwamba si kila basi lililoungua liliwaka lenyewe. Mabasi huchomwa. Basi likimgonga mtoto karibu na kituo cha biashara, wananchi wenye hasira huleta kiberiti kabla polisi hawajafika. Katika ghasia za mwanzo wa 2008 magari yalichomwa kando ya barabara hizihizi. Mwaka mmoja baadaye picha ya mabati meusi hurudi mtandaoni bila tarehe na bila maelezo, ikakaa sako kwa bako na picha ya injini iliyovuja dizeli. Mtazamaji anahesabu mawili. Kwa hesabu ya aina hiyo hata kanisa lingeonekana chombo hatari.

Pengine jambo la kuwaomba watu wa Milimani ni dogo. Desemba ikifika, mpishi anapoomba ruhusa na nauli, mwenye nyumba humpa pesa na maneno ya hekima: usipande basi, panda nissan. Amejali, hilo halina shaka. Ila angemsaidia zaidi kwa kumwambia aingie mapema, akatae kukalia injini hata kama kiti kingine hakipo, achague kiti cha karibu na dirisha linalofunguka, na kabla basi halijaondoka amuulize makanga nyundo ya kuvunjia kioo iko wapi.

Wapo wanaouliza. Makanga hucheka kwanza, kisha anajibu bila hila yoyote, kama mtu anayeeleza bei ya nauli: nyundo zilikuwepo, lakini abiria wanaziiba, kwa hiyo bosi alisema zifungiwe kwenye buti, na ufunguo anao dereva.